Corolla 110 inachemsha kwenye foleni, inakula oili, na bima inaisha mwezi ujao: nianzie wapi?

Mbagala_110

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wenu. Gari ni Corolla 110 sedani ya mwaka 1998, injini 5A-FE, oto. Dashibodi inasoma kilomita 241,000, ila kwa umri wake namba hiyo naichukulia kama salamu tu.

La kwanza, linachemsha. Barabara ya Kilwa asubuhi, likisimama dakika kumi AC ikiwa inawaka, mshale wa joto unatoka katikati na kusogelea alama nyekundu. Nikizima AC na njia ikifunguka, dakika mbili hazifiki mshale umesharudi. Maji hayapungui sana, labda glasi moja kwa wiki. Fundi wa kwanza kasema tutoe thamostati. Wa pili kasema gasketi ya silinda hedi imekufa, tufungue injini.

La pili, oili. Naongeza kama nusu lita kila kilomita 1,000. Asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu sekunde chache, halafu unakata. Sailensa (injini ikiunguruma gari limesimama) inatetemeka na kuna misi, yaani silinda inaruka kuwaka, mvua ikinyesha ndiyo kabisa.

La tatu, bima. Ndogo niliyonayo (inayomlipa tu mtu uliyemgonga) inaisha mwezi ujao. Wakala kanipigia hesabu ya kubwa (inayolipa na gari lako) kwa thamani ya milioni 6: wao hutoza asilimia 3.5, lakini kima chao cha chini ni 250,000, ukiweka na VAT inafika 295,000. Ndogo ni 118,000. Ekses ya hiyo kubwa (sehemu ya dai unayojilipia mwenyewe) ni asilimia 10 ya dai, isipungue 300,000. Wasiwasi wangu ni kwamba kadi ya gari bado ina jina la mwenye gari wa awali (mkataba wa mauziano ninao), na injini ilishabadilishwa, namba yake hailingani na ya kwenye kadi. Je, injini ikifa kwa kuchemsha, bima kubwa inalipa? Na gari la zaidi ya miaka 25 linastahili bima kubwa kweli?

---

ChumaChakavu

Toa thamostati mkuu. Hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu inaziba maji bure. Kuhusu bima, ndogo inatosha, hizo laki nyingine weka kwenye spea.

---

Spana_14

Mkuu Mbagala_110, usifungue injini na usitoe thamostati. Maelezo yako yenyewe yameshaonyesha pa kuanzia. Gari linalopata joto likiwa limesimama na kupoa likitembea lina shida ya upepo. Likitembea, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta bila msaada. Likisimama, anayevuta upepo ni feni peke yake. Gasketi ya hedi iliyokufa au rejeta iliyoziba haichagui foleni. Hizo zitakuchemshia hata ukipanda mlima Kitonga kwa mwendo mzuri, tena huko ndiko zitakutesa zaidi.

Kwa ndugu yangu ChumaChakavu: kwenye hizi injini za ukoo wa A kama 5A-FE, thamostati imekaa upande maji yanapoingilia kwenye injini, na ina kazi mbili. Ikifunguka, inaruhusu maji yaliyopozwa na rejeta yaingie, na papo hapo inabana njia ya mkato ambayo maji ya moto hupita kurudi kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haipoi kabisa. Ndiyo maana kuna magari yaliyotolewa thamostati na bado yanachemsha. Na barabara ikiwa nyeupe injini inabaki baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta inaamini ndiyo kwanza limewashwa, inazidisha mafuta. Unalipia kituoni kile ulichookoa kwenye thamostati.

Sasa kipimo, hakihitaji mashine. Injini ikiwa baridi, fungua boneti. Feni ziko mbili: moja ya rejeta, nyingine ya AC. Kwenye Corolla za kipindi hiki swichi ya joto ya feni inafanya kazi kinyume na watu wengi wanavyodhani: ikiwa baridi inapitisha umeme, ikipata moto inakata, na ikikata ndipo rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inaiachia feni izunguke. Kwa hiyo chomoa soketi ya swichi hiyo (iko kwenye nyumba ya thamostati, usiichanganye na sensa ya kompyuta iliyo jirani), washa swichi ya gari hadi ON bila kupiga stata. Feni ya rejeta inapaswa kuzunguka hapo hapo. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni vizima, na mshukiwa ni swichi. Isipozunguka, tatizo liko kati ya fyuzi na mota. Weka mikono na mikono ya shati mbali, maana feni ikiamka haiombi ruhusa.

Halafu washa injini na AC, uangalie kama feni ya pili inaitika. Kagua pia mkanda wa altaneta. Kwenye 5A-FE ndio unaozungusha pampu ya maji, taimingi belti haihusiki, kwa hiyo mkanda uliolegea unakupa chaji dhaifu na maji mazito kutembea kwa wakati mmoja. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati: ukicheza zaidi ya sentimita moja hivi, ukazwe.

Ile glasi moja ya maji kwa wiki inatokea mahali. Angalia chini ya pampu ya maji, kuna kitundu kidogo. Ukikuta njia ya chokaa au kutu inayoteremka, sili ya pampu inaanza kuaga. Angalia mdomo wa kofia ya rejeta: mpira wake ukiwa mgumu au umepasuka, presha haikai na maji yanachemka mapema. Kofia mpya iwe na namba ile ile iliyoandikwa juu ya ya zamani, 0.9 au 1.1, usipandishe kwa kudhani kubwa ni bora. Presha ikizidi, mpira wowote uliochoka utapasuka, na huwa inachagua siku ya mvua.

Ukitaka kuiondoa hofu ya gasketi: asubuhi, injini baridi, fungua kofia, jaza maji hadi juu, washa. Mapovu yakitoka mfululizo na hayakomi hata baada ya hewa ya kawaida kuisha, au paipu ya juu ikawa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja ya kwanza wakati maji bado baridi, hapo moto wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa na kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya. Bila dalili hizo, anayekuambia ufungue hedi anataka kazi.

---

Mbagala_110

Asante sana mkuu Spana. Nimepima leo. Mapovu hayapo, oili ni nyeusi ya kawaida, haina weupe. Soketi nimechomoa, swichi ON: feni ya rejeta kimya. Ya AC inazunguka vizuri. Fyuzi nimeiangalia kwa macho, naiona nzima.

---

Spana_14

Vizuri, umeshapunguza msitu. Fyuzi usiiamini kwa macho, ipime kwa taa ya majaribio pande zote mbili, maana huwa zinapasuka pale waya unapoingia kwenye plastiki. Rilei ibadilishane na nyingine yenye namba na pini zile zile ndani ya sanduku lile. Feni ikizunguka, umemaliza kwa bei ya rilei.

Ikibaki kimya, ipe mota umeme moja kwa moja: chomoa soketi ya feni, chukua waya mbili nene, weka fyuzi ya ampea 30 kwenye ule wa chanya, unganisha na betri. Kama haizunguki, igonge kwa upole kwenye mgongo wa mota na mpini wa bisibisi huku umeme uko. Ikiamka kwa kugongwa, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha. Ikizunguka moja kwa moja bila kugongwa, rudi kwenye soketi, utakuta pini imegeuka rangi ya kahawia kwa joto au waya wa hasi umelika kwenye bodi.

Mafundi wa stata na altaneta wanabadilisha kaboni za feni kwa bei ndogo, ila muulize kama komyuteta ya shaba (pale kaboni zinaposugua) bado laini. Ikiwa na mifereji, kaboni mpya zitaisha upesi. Bora mota ya mtumba kutoka Japani, uipime mezani kabla ya kulipa: izunguke bila kelele, na ukizungusha pangaboi kwa mkono lisikwaruze. Usinunue mota yenye mhimili unaocheza kulia na kushoto.

Ukishamaliza, mwaga maji yote. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, na hedi ya aluminiamu inaliwa taratibu kuanzia pale gasketi inapokaa. Weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, mfumo mzima unachukua kadiri ya lita 5 hadi 6. Kama umeamua kufungua thamostati uikague, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto: inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imenyanyuka angalau milimita 8. Ukiirudisha, kile kipini kidogo kinachotikisika kikae juu ili hewa ipite. Jaza polepole, kofia wazi, hita ikiwa upande wa moto, acha injini ifanye kazi hadi paipu ya chini ipate joto, ongeza kilichoshuka, ndipo ufunge.

Unga wa kuzibia rejeta na zile tiba za manjano, achana nazo. Manjano yanafaa kwenye mchuzi. Kwenye rejeta yanaziba vijitundu vyembamba vilivyo vizima.

---

PlagiNne

Nichangie oili na misi, maana hapo watu hukimbilia kubadilisha pete za pistoni kabla ya kunyanyua kifuniko cha valvu.

Moshi wa bluu asubuhi kisha unakata ni sili za valvu. Usiku oili inateremka kidogo kidogo kwenye shina la valvu na kuingia silinda, asubuhi inaungua. Pete zikiisha, moshi unakuja ukikanyaga mafuta na hauna saa maalumu. Nusu lita kwa kilomita 1,000 kwa injini ya umri huu unaweza kuishi nayo, sharti uangalie kijiti kila Jumamosi. Kinachoua injini hizi ni mwenye gari kusubiri taa ya oili, na ile taa inahesabu presha. Ikiwaka umeshachelewa.

Kabla ya sili, kagua valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini ukaungue) juu ya kifuniko cha valvu. Ichomoe uitikise: ikilia kama njugu ni nzima, ikinyamaza imeganda na inaongeza matumizi ya oili. Ni kitu cha bei ndogo. Halafu msingi wa distributa (inayogawa umeme kwa plagi): kuna o-ringi inayokauka na kuvujisha oili juu ya gia boksi, na watu wengi wanadhani gia boksi ndiyo inavuja. Panguza, endesha siku mbili, angalia tena.

Misi ya mvua. Chomoa waya za plagi moja moja (shika kichwa, usivute waya) uchungulie visima vya plagi kwa tochi. Ukikuta oili imetuama, raba za mviringo za kwenye kifuniko cha valvu zimekufa. Oili inalainisha buti ya waya, umeme unatafuta njia fupi na kupiga kwenye bodi badala ya kupiga ndani ya silinda. Nunua gasketi ya kifuniko pamoja na raba zake nne, na ukifyonza oili ile kwa bomba la sindano kabla ya kufungua plagi utakuwa umeokoa silinda. Ukipenda kuona mwenyewe, subiri usiku, fungua boneti gizani, nyunyizia maji kidogo juu ya waya injini ikiwaka: waya mbovu utaziona cheche za buluu zikitembea juu yake kama siafu. Fungua kofia ya distributa pia, ukute kama kuna nyufa nyembamba nyeusi kati ya nguzo, na kaboni ya katikati bado inachomoza.

Sailensa inayotetemeka AC ikiwashwa: kwanza maunti za injini, mwambie mtu akanyage breki aweke D na wewe uangalie injini inaruka kiasi gani. Pili, valvu ya hewa iliyo chini ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), huwa imejaa masizi. Ifunguliwe na kusafishwa, siyo kupulizwa juu juu. Tatu, vipaipu vya vakyumu, hasa kile chembamba kinachokwenda kwenye sensa ya presha ya hewa. Kikipasuka, injini haijui imebeba mzigo gani.

Ukiambiwa "hii haipimiki, haina soketi ya kompyuta", siyo kweli. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Kifungue, chini ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ON bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kukatika, hakuna kosa. Mbili, kimya kidogo, mbili: namba ya kosa 22, sensa ya joto la maji. Tatu na moja: 31, hiyo sensa ya presha ya hewa. Mbili na moja: 21, sensa ya oksijeni. Waya huo huo ukiuacha hapo injini ikiwaka na imepata moto, ndipo unapopima taimingi kwa taa yake, nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Fundi anayezungusha distributa kwa kusikiliza sikio tu bila kuunganisha TE1 anakupa gari linalokula mafuta na kugonga mlimani.

Na muulize aliyekuuzia taimingi belti ilibadilishwa lini. Hajui? Ibadilishe, ni ya kilomita 100,000. Kwa bahati 5A-FE mkanda ukikatika pistoni huwa hazigongi valvu, lakini gari litazimika palepale lilipo, na palepale panaweza kuwa katikati ya daraja.

---

KadiNaStika

Nijibu upande wa bima, nitaanza na lile swali ulilouliza waziwazi. Hapana, injini ikifa kwa kuchemsha bima kubwa hailipi. Mikataba ya bima za magari huondoa uchakavu na hitilafu za kimakanika. Wanalipa ajali, moto, wizi. Hata ukigongwa mbele, rejeta ikapasuka, nawe ukaendesha hadi nyumbani injini ikakwama, bampa na rejeta vitalipwa lakini injini watasema uliiua mwenyewe. Vivyo hivyo maji ya mafuriko ya Jangwani: likizimika ndani ya maji usipige stata. Maji yakiwa kwenye silinda hayabanwi, yatapinda fimbo ya pistoni, na mthamini akifungua atajua. Lisukumwe, livutwe, na kabla ya kulipia bima uliza kwa maandishi kama mafuriko yamo.

Sasa kadi. Hili ndilo zito kuliko ekses. Anayekata bima lazima awe ndiye atakayeumia gari likipotea. Kadi ikiwa na jina la mtu mwingine, siku ya dai kubwa kampuni itauliza hundi iandikwe jina la nani, na mkataba wa mauziano pekee unaanzisha mabishano ya miezi. Kamilisha uhamisho wa umiliki TRA (mamlaka ya mapato) kwanza, ndipo ukate bima kwa jina lako. Kama mwezi ni mfupi, kata ndogo uwe halali barabarani, ukipata kadi upandishe.

Injini kubadilishwa siyo dhambi, kuificha ndiyo dhambi. Kwenye fomu ya maombi ya bima namba ya injini unaiandika wewe na kusaini. Mthamini akikuta tofauti baada ya ajali, swali la kwanza ni kama gari ni lile lile. Tafuta risiti ya injini, gari likaguliwe na polisi, kisha TRA warekebishe kumbukumbu. Namba ya chasisi kwenye 110 imepigwa kwenye ukuta kati ya injini na kabini: isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ipige picha inayosomeka, uitunze. Hapo pakiwa na kutu au dalili ya kuchomelewa, sahau bima kubwa hadi polisi wamelikagua.

Thamani nayo si ya kubuni. Tuseme gari linauzwa sokoni milioni 8, wewe ukaandika 5 ili ulipe kidogo. Ajali ikaja, matengenezo milioni 2. Wengi watatumia kanuni ya wastani: 5 gawanya kwa 8, mara milioni 2, ni 1,250,000, kisha watoe ekses. Kwa ekses ya laki 3 unabaki na 950,000, nyingine milioni na zaidi ni yako. Ukiandika 10 kwa gari la 8, likiibiwa hawakulipi 10, wanalipa thamani yake ya sokoni siku ile. Kwa hiyo chukua bei halisi za magari ya aina yako, hali yako, uziweke kwenye faili.

Jambo jingine la magari ya zamani: spea mpya ikiwekwa badala ya iliyochakaa, baadhi ya kampuni hukata sehemu ya bei yake kwa kuwa umepata kitu bora kuliko ulichokuwa nacho. Uliza kabla: je, mnakata uchakavu, na kwa spea zipi? Je, mtakubali spea ya mtumba yenye risiti? Majibu yaje kwa barua pepe, ya mdomo hayana stika.

---

ChumaChakavu

Sawa, thamostati nimekubali yaishe. Lakini kwa bima hesabu yangu bado imesimama. Tofauti ya kubwa na ndogo ni 177,000 kwa mwaka. Akigonga taa na bampa, matengenezo laki 4, ekses laki 3, kampuni inampa laki moja, na kwa laki hiyo atazungushwa wiki tatu. Hiyo ni bima au adhabu?

---

KadiNaStika

Hesabu ni sahihi, mkuu, kwa ajali ndogo. Bima kubwa kwa gari la milioni 6 haina faida kwenye taa na bampa, hizo utajilipia tu. Faida yake ni siku gari zima limeibiwa au limeungua: milioni 6 kutoa asilimia 10, anapata 5,400,000. Kwa hiyo swali la kumwuliza Mbagala_110 ni moja: gari likiondoka usiku, una akiba ya kununua jingine bila kukopa? Kama ipo, ndogo inatosha. Kama gari ndilo linalokupeleka kazini na linalala nje ya geti, 177,000 si nyingi. Mimi ningelikatia kubwa hadi thamani ishuke pale ambapo malipo yake yanakaribia sehemu ya kumi ya kile utakacholipwa, kisha ningeshuka kwenye ndogo bila majuto.

Ila usidanganywe kwamba ndogo "inatosha" kwa kila kitu. Haikulipi wewe hata senti. Inamlipa uliyemuumiza, na kwa mali ya watu huwa ina ukomo ulioandikwa kwenye mkataba wa bima. Usome. Magari ya barabara ya Kilwa siyo 110 zote, ukiingia ubavuni mwa gari la milioni 150 ukomo ule unaweza kuisha kwenye mlango mmoja.

Na kama unabeba abiria wa taksi za mtandaoni kwa bima iliyoandikwa matumizi binafsi, huna bima, una karatasi. Sema ukweli, ulipe bei ya biashara.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari au ya stika kwenye mfumo wa TIRA-MIS (wa mamlaka ya usimamizi wa bima) kwa simu yako papo hapo, kabla wakala hajaondoka. Isipoonekana, dai pesa yako. Ajali ikitokea: picha kabla magari hayajasogezwa, polisi, leseni iliyo hai ya aliyekuwa akiendesha, fomu za polisi (kama kuna majeruhi anahitaji PF 3, ile ya kupatia matibabu), ramani ya ajali, na taarifa kwa kampuni haraka iwezekanavyo. Usikiri kosa wala kuahidi kulipa kwa mdomo barabarani, na gereji isifungue hata nati moja kabla mthamini hajaona. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, peleka malalamiko kwa kampuni yenyewe, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huko hulipii ada.

---

Mbagala_110

Wakuu, mrejesho. Mota ya feni imeamka kwa kugongwa, kama alivyosema Spana. Kaboni moja imebaki milimita mbili tu. Visima vya plagi namba 2 na 3 vimejaa oili. Kadi nimeanza kuifuatilia, kwa sasa nakata ndogo. Swali dogo: kaboni zinabadilishwa kesho. Hadi hapo naweza kwenda kazini?

---

Spana_14

Nenda kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, AC zima. Mshale ukivuka katikati, fungua vioo na uwashe hita upande wa moto na kasi ya mwisho: utatoka jasho, lakini ile hita ni rejeta ndogo. Ukiendelea kupanda, egesha, zima, na kofia usiiguse hadi uweze kushika paipu ya juu kwa kiganja bila kuutoa mkono. Kesho mwambie fundi akupe kaboni za zamani mkononi.

---

PlagiNne

Na hizo raba za visima usizibandike kwa siliko (gundi ya silikoni). Siliko ikimeguka ndani inakwenda kwenye kichujio cha pampu ya oili. Gasketi kavu, kifuniko kikazwe kwa kuzungukia nati kidogo kidogo, usikaze upande mmoja hadi mwisho.